Kitabu Kilichosomwa na Mpishi

Huko Norwe wana tuzo moja inayotolewa kila mwaka kwa vitabu vipya vya Kinorwe. Baridi ikianza, watu wachache huketi mezani, huchagua vitabu kadhaa, huvitangaza, kisha huwaacha walioviandika wakisubiri kwa wiki kadhaa kabla ya kumtaja mshindi. Hayo si mambo ambayo msichana wa kusafisha ofisi za Gare du Nord, hapa Brussels, anatakiwa kuyajua. Niliyajua kwa sababu mwaka mmoja kanisa letu zima, pale Berchem, liliyajua. Wanawake ambao hawajapata kumaliza kurasa mbili za kitabu chochote walisalimiana kwa habari za tuzo kama watu wanaoulizana habari za mgonjwa.

"Bado wiki ngapi, maman?"

"Bado tano, kwa jina la Yesu."

Niseme mapema kwamba hatukushinda. Nasema hatukushinda kwa sababu ndivyo tulivyozungumza siku zile, sisi, kana kwamba waumini wote walikaa pamoja wakashika kalamu moja.

Kitabu kiliandikwa na binti wa mama yangu mkubwa. Sitaji jina lake wala la mtu mwingine, na sababu itaonekana. Tulikimbia Kivu tukaishia kambi moja upande wa Tanzania: mama mkubwa, binti yake huyo, na mimi waliyenichukua baada ya mama yangu mzazi kufia njiani. Tulipofika, dada alikuwa na miaka kumi, mimi sita. Siku moja aliondoka na familia ya jirani iliyopata nafasi ya kupelekwa Norwe. Mimi na mama mkubwa tulibaki pale miaka mingine minne, kisha tukafika Brussels kwa njia ndefu ambayo haihusiki hapa. Dada alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili alisema ana mitihani. Baada ya hapo namba ilikufa.

Mama mkubwa alinikataza kumtaja. Hakunieleza kwa nini. Alisema tu, "Huyo tumuachie Mungu," na nilipokua nikadhani ni aibu, kwamba binti amemkana mama na mama hataki watu wajue. Miaka yote tuliyosali katika kanisa lile hakuna aliyejua kwamba ana mtoto Norwe.

Basi picha yake ilipofika kwenye simu za watu, ikitumwa na mwanamke mmoja wa Kivu anayeishi huko, ilikuja kama habari ya mtoto wa wote: binti yetu, Mukongomani, mkimbizi wa zamani, kitabu chake kimechaguliwa katika vile vinavyoshindania tuzo. Kiliwekwa kwenye fungu la vitabu vya mambo ya kweli, si la hadithi za kubuni. Waliokichagua, kwa maelezo ya yule mwanamke, walikisifu kwa ukweli wake. Mama mkubwa alitazama picha ile jikoni, akaikuza kwa vidole viwili mpaka likabaki sikio moja. Hakuuliza habari ya tuzo. Aliuliza hivi:

"Ameandika nini juu yangu?"

Hilo ndilo swali lililokuwepo nyumbani kwetu tangu siku ile. Alilala nalo, akaenda nalo kazini kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwaogesha Wabelgiji, akarudi nalo. Kitabu kilipoletwa na mtu aliyesafiri kutoka Oslo, alikipapasa, akakifungua katikati, akakifunga. Hakuna mtu kati yetu aliyejua hata neno moja la lugha ile.

Isipokuwa Tonton, walisema watu.

Tonton alikuwa mzee wa kanisa letu. Kabla ya vita alikuwa mpishi wa wamisionari wa Kinorwe huko milimani, akawapikia kwa miaka mingi, na kwa hiyo alihesabiwa bingwa wa Kinorwe. Hakuna aliyewahi kumpima, maana hakuna aliyekuwa na kipimo. Kila alipokula kwa mtu alifuta midomo akasema, "Takk for maten," na wenye nyumba wakatazamana kwa fahari, utadhani balozi ndiye aliyewashukuru kwa chakula. Alijua pia nyimbo kama sita za dini, zote kwa moyo. Kwa hazina hiyo alikabidhiwa kitabu cha kurasa mia mbili na zaidi.

Alisoma Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa nyuma tuliokuwa tukinywea chai. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma sentensi nzima kwa Kinorwe kwa sauti ya mtu anayeimba. Ilikuwa sauti nzuri, sikatai. Kisha alitazama dari, akatafsiri.

"Hapa anasema: siku ile tulipokimbia, mama yangu alinibeba mugongoni. Alichoka sana. Lakini alisali."

"Amen," walisema watu.

"Anasema: mama, popote ulipo, mutoto wako anakukumbuka."

Mama mkubwa alikuwa ameketi karibu na birika la chai. Niliona mikono yake ikiachana. Alisimama. Alikuwa mtu asiyesimama kanisani hata kutoa ushuhuda wa kupona mafua.

"Mama huyo ni mimi," alisema. "Mutoto huyo ni wangu. Nilimzaa mimi."

Sijawahi kuona watu wakifurahi kwa namna isiyopendeza kama ile. Walimrukia. Mwanamke mmoja ambaye wiki iliyotangulia alimnyima nafasi kwenye benchi alimkumbatia akilia kwa sauti, huku jicho moja akiangalia nani anamwona. Papa pasta alisema kwamba yeye siku zote alihisi kitu juu ya maman huyu. Tangu siku hiyo jina lake lilikuwa Maman wa Mwandishi.

Kamati iliundwa kabla chai haijapoa. Sisi ni watu wa kamati. Mtu akifa, kamati. Mtu akioa, kamati. Mtu akichaguliwa na Wanorwe, kamati. Mke wa pasta akawa mwenyekiti. Walikubaliana kitenge cha aina moja kwa wote, wakaenda watu saba kwenye maduka ya Wakongomani ya Matonge kukichagua, wakarudi wamenuniana kwa sababu wanne walitaka cha kijani. Kulikuwa na mabishano ya Jumapili mbili juu ya nani ataketi kulia kwa Maman wa Mwandishi siku ya matangazo. Juu ya kitabu chenyewe hapakuwa na bishano hata moja, maana kitabu kilikuwa salama mikononi mwa mpishi.

Wanaume nao walikuja, wale wa chama kinachokutana kwenye baa moja karibu na Porte de Namur. Hawa hawakuwa wa kanisa letu, lakini heshima haichagui dhehebu. Mmoja wao, mwenye koti refu, alisema mbele yangu:

"Donc, sasa wazungu watajua sisi si watu wa kusafisha ofisi tu."

Nilikuwa nimetoka kusafisha ofisi. Nilimpa chai.

Tonton aliendelea kusoma, na mimi niliendelea kusikiliza. Mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito, na siku zile ulikuwa mzito zaidi. Lakini mtu asiyesema hupata nafasi ya kuhesabu. Nilihesabu kwamba mstari mmoja wa Kinorwe uliweza kuzaa dakika tano za Kiswahili, na ukurasa mzima ukaisha kwa maneno, "Hapa anaendelea tu." Nilihesabu pia viazi. Katika kila sura mtu alikuwa akimenya viazi, au akivichemsha, au meza ilikuwa imeandaliwa na kahawa iko tayari. Kambini tulikula mahindi ya njano ya msaada na dengu. Sikuona kiazi hata kimoja.

Siku moja mwanamke mmoja aliuliza, kwa upole tu, "Tonton, viazi tena?"

"Watu wa Norvège wanapenda viazi," alisema Tonton bila kuinua macho. "Muandishi anawapa wanachopenda. Asipowapa, hawamupi prix, hiyo tuzo."

Watu waliitikia kwa vichwa. Ilionekana ni siri kubwa ya uandishi.

Nilinunua kamusi. Ilikuwa ndogo, ya Kinorwe na Kifaransa, ya watalii, niliipata kwenye duka la vitabu vilivyotumika, ina picha ya samaki kwenye jalada. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya kambini, miaka sita, na hata hiyo niliipata nusu nusu kwa sababu naandika polepole. Mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijamaliza kunakili, kwa hiyo daftari zangu zimejaa sentensi zisizo na mwisho. Lakini kitabu hakifutwi. Nilirudi kutoka kazini saa saba mchana, mama mkubwa akiwa bado kwa wazee wake, nikaketi mezani na daftari la mistari mikubwa, nikaandika neno la Kinorwe, chini yake la Kifaransa, chini yake la Kiswahili. Maneno mengi hayakuwemo katika kamusi, hasa marefu. Wale watu huunga maneno mawili matatu yakawa moja, nawe uyafumue kama nywele za mtu mwingine.

Nilianza na ukurasa ule wa kubebwa mgongoni. Ulinichukua Jumatatu mpaka Ijumaa. Hapakuwa na mgongo. Hapakuwa na sala. Ulikuwa ukurasa wa habari ya lori, na mwalimu aliyepoteza kiatu, na mvua.

Sikushangaa. Nilichojisikia ni kitu kama furaha mbaya. Nilimwona Tonton akitazama dari, nikawaona watu wazima na vitenge vyao wakilia machozi juu ya kiatu cha mwalimu. Ningeweza kuishia hapo na kubaki na dharau yangu, ingenitosha kwa mwaka mzima. Lakini swali la mama mkubwa lilikuwa halijajibiwa. Alikuwa ameacha kuliuliza, na aliacha kwa sababu alidhani amepata jibu.

Kwa hiyo nilitafuta neno la mama, kidole kikishuka ukurasa baada ya ukurasa. Lilikuwa jingi mwanzoni. Kuanzia ukurasa wa tisini na mbili lilikuwa adimu sana. Nilirudi nyuma kurasa nne, nikaanza kuandika.

Nilifanya kazi hiyo kwa wiki mbili. Katika kurasa zile mama anaumwa homa kambini. Anaumwa siku tatu. Siku ya tatu, alfajiri, anamwomba mtoto maji, mtoto anakwenda kuchota, anarudi, mama amekufa. Jirani mwanamke anaosha maiti. Wanamfunga kwa karatasi ya plastiki ya hema, wanamzika nyuma ya matangi ya maji, na mtoto anapanga mawe juu ya kaburi kwa ukubwa, kutoka dogo mpaka kubwa. Kisha familia ya jirani inamchukua.

Mimi pia nilikuwemo. Nusu ya mstari: binamu mdogo asiyesema. Nusu hiyo ilinigharimu siku mbili.

Kiliandikwa vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hata kwa kamusi ya samaki niliona kwamba kiliandikwa vizuri. Kilikuwa kifo safi kuliko vyote nilivyoviona kambini, na niliviona vingi. Hapakuwa na nzi. Hapakuwa na harufu wala mtu aliyekuwa akigombania blanketi la marehemu. Nilifikiri juu ya wale watu wa mezani Norwe, wanaojua kupima ukweli, wakipangusa macho yao juu ya mawe yaliyopangwa kwa ukubwa. Walikipa kifo hicho alama kama walimu. Na mwanamke waliyemlilia alikuwa Berchem, amevaa soksi mbili, anapasha wali kwenye maikrowevu.

Sikumwambia. Nilijiambia kwamba sijui Kinorwe, kwamba huenda nimekosea, kwamba kamusi ni ya watalii. Ukweli ni kwamba sikujua namna ya kufungua mdomo. Jumapili mbili zilipita hivyo. Tonton alifika mahali ambapo, kwa maelezo yake, mama na mtoto walikuwa wakiimba.

Kisha akaja yule kijana wa redio.

Alikuwa na kipindi cha Wakongomani, cha kwenye intaneti, na simu yenye mguu wa kusimamia. Kamati ilikuwa imemwita. Mpango wake ulikuwa huu: Jumapili iliyotangulia matangazo, Maman wa Mwandishi azungumze moja kwa moja kutoka ukumbini, amsalimie binti yake na awasalimie majaji wa Norwe, na video itumwe kwa binti, kwa magazeti ya huko na kwa watu wa tuzo wenyewe. Mpaka siku ile hakuna picha wala sauti iliyokuwa imetoka nje ya kanisa, maana papa pasta hapendi simu katika ibada. "Majaji wakiona mama anaongea," alisema kijana, "voilà. Wataachaje kumpa?"

Mama mkubwa alikubali. Alirudi nyumbani amechangamka, akaanza kujaribu kitenge mbele ya kioo cha bafuni. Niliweka daftari mezani. Alipotoka nilimwambia aketi.

"Tonton hajui kusoma kitabu," nilisema. "Anabuni."

"Najua anaongeza chumvi," alisema. "Ni mpishi."

"Haongezi, maman mkubwa. Hakuna alichosoma. Mimi nimesoma sehemu. Nimesoma ile inayokuhusu."

Aliketi. Alilitazama daftari, mistari mikubwa, maneno yangu yaliyopangwa matatu matatu.

"Ameandika nini juu yangu?"

"Umekufa."

Nilidhani ataanguka, au atanipiga. Alivuta kiti karibu na meza kidogo.

"Amenizika wapi?"

"Nyuma ya matangi ya maji."

"Nyuma ya matangi," alirudia. Alifikiri. "Pale palikuwa na tope. Na nani aliniosha?"

"Jirani."

"Jirani yupi?"

"Hajamtaja jina. Jirani tu."

Nilisikia friji ikianza na kuacha. Kisha alianza kuzungumza, na alizungumza akiitazama meza. Faili letu kambini lilikuwa limelala miaka mitatu. Ile familia ya jirani ilikuwa imeitwa, na ilikubali kumbeba mtoto mmoja, lakini ilimbeba kama yatima. Wangeweza kumchukua yatima tu. Mtoto mwenye mama hachukuliwi. Basi alimfundisha. Siku nane, kwenye foleni ya maji, kila asubuhi, kwa sauti ndogo: mama yako yuko wapi? Na mtoto ajibu, amekufa. Alikufa lini? Mwezi uliopita. Alikuwa anaumwa nini? Homa. Alipolia alimfinya. Alipojibu vizuri bila kulia alimpa kipande cha sukari guru.

"Nilimwambia, ukisema hata siku moja kwamba niko hai, hata ukiwa mukubwa, watakurudisha. Usimwambie bwana yako. Usimwambie mutoto wako." Aligusa daftari kwa kidole. "Ameshika."

"Lakini ulisimama kanisani," nilisema. "Ulisema ni mwanao."

"Tonton alisoma kwamba nilimbeba. Kwamba nipo mahali. Nikasema, bon, kama ameandika hivyo na Wanorvège wamesoma na bado wanamupa prix, basi imekwisha. Karatasi zake zimekomaa. Naweza kutoka." Alicheka kidogo, kwa pua. "Nilitoka kwa sababu ya mpishi."

Aliniambia alivyosikia kwa watu wa huko: kwamba Norwe hunyang'anya mtu uraia hata baada ya miaka mingi wakigundua alidanganya alipoingia. Sikujua kama ni kweli. Yeye aliamini, na hiyo ilitosha.

Hasira yangu ilikuwa bado kwa dada. Nilisema kwamba hakuna aliyemlazimisha kuandika kitabu. Angeweza kuandika juu ya theluji. Angeweza kuandika juu ya ile familia, au hadithi ya kubuni, na wakamweka kwenye fungu jingine. Kumficha mama ni jambo moja, kumuua kwenye kurasa nne na kupanga mawe ili watu walie ni jambo jingine. Na ile namba iliyokufa, nilisema, je, ile pia ni utii?

Ndiyo mara pekee maishani mwangu nilipomsemea mama mkubwa maneno mengi hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sijui," alisema. "Labda ni mujanja. Labda amenichoka. Wewe unataka nimuulize?"

"Ndiyo."

"Nikimuuliza, Wanorvège watasikia." Alinisukumia daftari. "Soma. Polepole. Soma pale pa kuosha."

Nilimsomea ukurasa wa tisini na moja kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. Aliniomba nirudie mahali pa maji, kama yalikuwa ya moto au ya baridi. Ya baridi. Aliniomba nirudie rangi ya plastiki. Bluu. Aliitikia kwa kichwa kila mara, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

Jumapili ukumbi ulijaa. Vitenge vilikuwa vya kijani; wale wanne walikuwa wameshinda. Wanaume wa Porte de Namur walisimama nyuma wakiwa na makoti yao. Tonton alikaa mbele na kitabu magotini. Kijana wa redio aliweka simu kwenye mguu wake, akahesabu kwa vidole, akaanza. Alisema Kiswahili, Kifaransa na Lingala katika sentensi moja. Alisema tuko Bruxelles, na tuko na mwanamke aliyemzaa nyota. Akamsogezea maikrofoni.

"Maman, wewe mama wa muandishi, unamuambia nini mutoto wako?"

Mama mkubwa alikuwa amevaa kitenge chake cha kazini, si kile cha kijani. Sikuwa nimeliona hilo mpaka aliposimama.

"Mimi si mama yake," alisema.

Kijana alicheka. "Maman anatania."

"Sitanii. Mama yake alikufa kambini kwa homa. Nilikuwa jirani. Nilimuosha mimi na maji ya baridi, tukamufunga na plastiki ya bluu, tukamuzika nyuma ya matangi. Niliposema ni mutoto wangu, nilisema kama tunavyosema kwetu, kila mutoto ni wako. Wamenielewa vibaya, na mimi nikaacha, kwa sababu nilipenda kuheshimiwa. Naomba musamaha."

Maikrofoni ilibaki hewani. Mke wa pasta alimtazama kama mtu aliyegundua nywele kwenye mchuzi. Mmoja wa wale wa nyuma alisema, si kwa sauti ndogo, kwamba wanawake wa Kivu watakuua. Yule aliyemkumbatia siku ya kwanza aliinuka, akahamisha mkoba wake kutoka kiti cha kulia kwa mama mkubwa akauweka safu ya tatu.

Kijana wa redio hakutaka kupoteza matangazo. Alimgeukia Tonton.

"Tonton, wewe umesoma kitabu. Ni kweli mama alikufa?"

Nilimtazama Tonton. Nilitamani ashikwe. Nilikuwa na daftari kwenye mfuko, kurasa nne zote, ukurasa wa kiatu pia, na kama kuna siku ulimi wangu ulikuwa tayari ilikuwa siku hiyo. Tonton alifungua kitabu mahali popote tu, akaweka kidole, akavuta pumzi.

"Ni kweli," alisema. "Imeandikwa hapa. Nilijua tangu mwanzo. Nilificha kwa sababu ni sehemu yenye huzuni, na kulikuwa na wamama wajawazito."

Watu wakamsifu kwa busara. Nilifunga mfuko wangu. Kusema lolote baada ya hapo kungekuwa kumshika Tonton na kumwangusha mama mkubwa pamoja naye, na mama mkubwa alikuwa ameshika mahali pake vizuri.

Papa pasta, ambaye hakuwahi kukosa la kufanya, alisogea mbele. Alisema tusamehe aliyejikweza. Alisema mwandishi ni yatima, na kwa hiyo ni mtoto wa Mungu, na kwa hiyo ni mtoto wa kanisa letu zaidi kuliko hata tulivyodhani. Watu wakachangamka tena. Niliwaona wakirudishiwa kitu chao. Akasema kabla hatujaendelea tusimame kimya dakika moja kwa ajili ya marehemu mama wa mwandishi, na kijana aonyeshe ukumbi wote ili majaji waone.

Tulisimama. Viti vilikwaruza sakafu. Simu ilizunguka taratibu juu ya vichwa vilivyoinama, vya kijani, makoti, Tonton na miwani yake, mimi. Mama mkubwa aliinama kama wengine, mikono mbele, na simu ilipompitia hakuinua uso.

Mwanamke wa nyuma yetu hakuweza kuvumilia dakika nzima. Alimwinamia begani.

"Maman, huyo marehemu," alinong'ona, "alikuwa muntu wa namna gani?"

"Alikuwa mukali," alisema mama mkubwa. "Nyamaza, watu wanaomba."